Cessna 172 inatetemeka pua ukitua: tafuta chanzo kabla hujanunua dampa mpya

Kama unarusha au unatengeneza Cessna 172 za shule hii kitu unaijua. Ndege imetua vizuri, tairi za nyuma zimeshika lami, pua inashuka taratibu, alafu ghafla tairi ya mbele inaanza kucheza kushoto kulia kwa kasi mpaka dashbodi yote inatetemeka, pedali zinapiga nyayo, geji hazisomeki, mwanafunzi anakodoa macho akidhani mguu umekatika. Spidi ikishuka inatulia yenyewe na watu wanaenda kupaki kama hakuna kilichotokea. Kwenye teklogi, daftari la hitilafu za ndege, inaandikwa "shimi", neno moja basi, na kesho yake mtu anaagiza dampa, kile kifaa cha kuzima huo mtetemo.

Hapo ndipo pesa inapotea. Dampa haileti shimi, dampa inaizima tu. Kuna kitu kingine kinaisukuma ile tairi icheze na dampa ikiwa nzima inameza ule mchezo usikufikie wewe, kwa hiyo ukiweka dampa mpya juu ya mikasi iliyolegea na tairi isiyo na balansi ndege itatulia kwa muda alafu shimi itarudi, na sasa hivi dampa yako mpya nayo imeshaanza kuvuja. Ni kumeza Panadol na jino limeoza.

Kwanza tuelewane mguu wenyewe umekaaje manake bila hiyo picha huwezi kufuata dalili. Silinda ya juu imefungwa kwenye faya-woli, ile bati nzito kati ya injini na rubani. Ndani yake inateleza pistoni ya kromu ambayo chini imebeba foku na tairi, na katikati kuna oili na hewa ya kupokea mshindo. Sasa pistoni ya mviringo ndani ya silinda ya mviringo ingezunguka tu ovyo, kwa hiyo nje kuna mikasi, vipande viwili vilivyounganishwa na bolti katikati kama kiwiko, hivyo ndivyo vinaizuia pistoni isizunguke ila pale kola ya usukani, ile pete inayogeuza mguu, inapogeuka. Kola inavutwa na fimbo zenye springi kutoka kwenye pedali. Alafu dampa, kasilinda kadogo kenye oili, imefungwa kati ya sehemu inayogeuka na sehemu isiyogeuka. Kila panapokutana vyuma hapo pana bushi, kibomba kidogo ambamo bolti inapita, na kila bushi ikilika inaacha kamwanya, na vimwanya vidogo vitano vikijumlishwa mwisho wake kule chini kwenye tairi ni mchezo mkubwa.

Je ni tairi ya mbele kweli?

Usicheke, hili swali linaokoa kazi nyingi. Mtetemo wa tairi za nyuma unafika kwa rubani ukiwa unafanana kabisa na wa mbele. Njia rahisi ni kusikiliza ndege ikiwa imetoka tu chini, tairi bado zinazunguka hewani. Kama kuna mtetemo, gusa breki kidogo kwa pedali zote mbili. Ukikatika pale pale ni tairi ya nyuma haina balansi au imelika vibaya. Ukiendelea alafu ukafifia wenyewe polepole ni ya mbele, kwa sababu ya mbele haina breki, inazunguka mpaka ichoke yenyewe.

Na kama mtetemo unakuja ukikanyaga breki tu, ukiachia unaisha, usianze na mguu wa mbele kabisa, nenda kaangalie diski za breki za nyuma kama zimepinda au zimekula kutu upande mmoja. Ndege zinazolala nje msimu wa mvua alafu zinakaa wiki nzima bila kuruka zinapata hiyo, diski inashika kutu kila mahali isipokuwa pale padi ilipokuwa imekaa. Ila kuna mtego kidogo hapa, breki nzito pia inatupa uzito mbele na kuukandamiza mguu wa pua, kwa hiyo shimi ya kweli nayo inaweza kujitokeza ukifunga breki. Utajua tofauti kwa kutembea polepole tu kwenye taksiwei, njia ya ndege kutembelea ardhini, ukakanyaga breki, diski iliyopinda inapiga hata kwenye spidi ya mtu anayetembea, inapiga kwa mdundo wa mzunguko wa tairi.

Inaanza spidi gani?

Hii ndio habari ambayo fundi anaihitaji kuliko zote na ndio haiandikwagi. Shimi inayokuja kwenye spidi moja tu, tuseme inaingia ukipita noti 45 (noti ni maili ya baharini kwa saa) na kutoka ukifika 35, na inarudi hapo hapo kila safari, hiyo inanuka balansi ya tairi. Shimi inayoanza ikigusa na kuendelea mpaka chini kabisa, hata kwenye taksi ya haraka haraka, yaani ndege ikitembea tu ardhini, tairi inayumba, hiyo ni ulegevu, mikasi au beringi au kola. Na ile inayokuja siku moja ikapotea siku tatu, mara nyingi ni upepo wa tairi au wa mguu unaobadilika, au ni mkono wa rubani, nitafika huko.

Kwa sisi tulioko Nairobi kuna jambo lingine. Uwanja wa ndege wa Wilson uko juu futi 5,500 na ushee. Mchana wa nyuzi joto 25 hewa inakuwa nyepesi kama uko karibu futi 8,000, kwa hiyo geji ikikwambia noti 60 wewe kwa ardhi bila upepo unaenda kama 67 au 68. Mwanafunzi haoni tofauti kwa sababu anafuata geji, na yuko sahihi kufuata geji, lakini tairi inaona. Nguvu ya mwendo inaongezeka kwa mraba wa spidi, hapo umeongeza robo nzima. Ndege hiyo hiyo ikienda kufundishia Malindi, kule chini pwani, inatua kimya, ikirudi huku inatetemeka, na watu wanagombana nani amesema uongo wakati wote wanasema kweli. Kosa liko pale pale kwenye mguu, mwinuko umelifichua tu.

Anzia kwa kitu cha bure

Upepo wa tairi. Chukua geji, usipige teke tairi. Na usome namba ya modeli yako, sio ya jirani, kwa sababu shule nyingi zina mchanganyiko wa ndege za zamani na zile zilizotoka baada ya kiwanda kurudi kuzalisha 1996 kikiwa kimesimama tangu 1986, na namba hazifanani hata kidogo. 172N, modeli ya zamani, yenye tairi ya mbele ya saizi 5.00-5 inataka PSI (kipimo cha upepo) 31 mbele na 29 nyuma. 172S, ya baada ya 1996, inataka 45 mbele na 42 nyuma. Ukimpa S upepo wa N tairi inakaa laini, inajikunja ubavuni, na kujikunja huko ndiko kunalisha shimi. Ukimpa N upepo wa S inakuwa ngumu, inaruka ruka kwenye kila kijiwe.

Ukiwa hapo chini izungushe uitazame yote. Tairi iliyowahi kuburuzwa pembeni ina bapa, mkono utaisikia kabla jicho halijaona, pitisha kiganja taratibu. Tairi iliyolika upande mmoja ni ishara kwamba foku au ekseli haijakaa sawa, au ndege inavutwa kwa toubaa, ile fimbo ya kuvutia ndege, kwa pembe kubwa. Pedali peke yake zinageuza tairi kama nyuzi 10 kila upande, kwa msaada wa breki ya upande mmoja inafika 30, ukivuta na toubaa zaidi ya hapo unavunja vizuizi na kila kitu juu kinaanza kulegea. Mlinzi anayesaidia kuingiza ndege hanga jioni anastahili kuonyeshwa hilo.

Balansi. Tairi ya ndege ina nukta nyekundu, hapo ndipo pepesi. Tyubu ina alama ya njano, hapo ndipo pazito, na isipokuwepo hesabu valvu ndio pazito. Viwili hivyo vinatakiwa vikae pamoja. Ukikuta nukta nyekundu iko upande wa pili wa valvu umeshapata mshukiwa bila kufungua nati hata moja. Lakini tafadhali, yeyote atakayeitoa hiyo tairi atoe upepo WOTE kwanza kabla ya kulegeza bolti za rimu, rimu ya ndege ni nusu mbili zilizoshikana na bolti na zikiachana zikiwa na upepo zinaua mtu.

Mikasi, hapa kaa muda

Zima kila kitu, funguo mfukoni, weka tairi za nyuma vizuizi. Bonyeza mkia chini mpaka tairi ya mbele iache ardhi, ukibonyeza kwenye bodi juu ya fremu mbele ya bawa la mkia, sio juu ya bawa lenyewe manake bati lake ni laini na utaliumiza, alafu mkia ufungwe chini vizuri kwa ile ringi yake. Usimwachie mtu aushike kwa mkono wakati wewe uko chini ya propela.

Sasa shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza hivyo ni beringi au ekseli. Shika mbele na nyuma ujaribu kuizungusha kama unageuza usukani. Ikicheza hivyo ni mikasi. Mguu ukining'inia unanyooka mpaka mwisho na kuna kizuizi kinachoifungia tairi katikati, kwa hiyo mchezo unaousikia hapo hautoki kwenye pedali, unatoka kwenye vile viungo. Mwambie mwenzio aweke kidole kwenye kila bolti moja moja, nusu kwenye bolti nusu kwenye chuma cha mikasi, wewe endelea kutikisa. Kidole kinasikia mwanya mdogo ambao jicho halioni, na kitakwambia ni bolti ipi, ya juu, ya kiwiko au ya chini. Angalia pia kama kuna unga mweusi au wa kutu unaotoka kwenye ukingo wa bushi, huo ni chuma kinajisaga, na pale grisi mpya inapotoka upande mmoja tu ukipiga bomba jua upande wa pili hakuna kinachofika.

Mwanya wa ubavuni unatolewa kwa washa za kujazia kama kitabu cha matengenezo kinavyosema, bushi iliyolika inabadilishwa, na bolti iliyolika NAYO inabadilishwa. Nasisitiza hilo kwa sababu bushi mpya kwenye bolti ya zamani yenye kiuno ni kazi bure, bolti ukiitoa pitisha ukucha, ukikwama kwenye ngazi itupe.

Kola ya usukani iangalie ndege ikiwa imekaa chini, mtu ndani anasukuma pedali kidogo kidogo na wewe unatazama kama kola inapanda na kushuka kabla ya kugeuka. Ikipanda kuna nafasi ya kujaziwa, nayo ina shimu zake, vibati vyembamba vya kujazia.

Beringi sitakaa sana. Nati inakazwa mpaka tairi iwe na uzito kidogo ikizunguka, alafu inarudishwa mpaka tundu la kwanza la pini. Ikilegea sana inatikisika, ikikaza sana inaungua. Ukifungua safisha uangalie roli zote, moja yenye rangi ya bluu inatosha kubadilisha seti.

Ndipo sasa dampa

Itoe upande mmoja, shika fimbo, sukuma mpaka mwisho na vuta mpaka mwisho. Uzito unatakiwa ulingane njia nzima. Ikiwa inaenda laini alafu inashika, kuna hewa ndani, haizimi kitu mpaka imeshavuka ile hewa na kufikia hapo shimi imeshaanza. Ikiwa na oili nyekundu kwenye fimbo, sili zimeisha, na sili ni vitu vya bei ndogo, mara nyingi huhitaji dampa nzima. Oili ni ile ile ya haidroliki, 5606 nyekundu, na lazima itolewe hewa yote ndio ifungwe. Kuna dampa za kisasa za mpira zisizo na oili, hizo hazijazwi, zinatazamwa tu kama mpira umechanika au umelika. Na maungio yake mawili yakaguliwe kama mikasi, dampa nzima iliyofungwa kwenye bolti yenye mwanya ni sawa na kutokuwa nayo.

Mguu wenyewe ukishuka au ukinyooka sana

Hapa kuna makosa yanarudiwa kila siku. Ndege imeinama pua asubuhi, mtu anakuja na pampu anajaza hewa mpaka isimame vizuri, wanaruka. Baada ya siku chache imeinama tena, anajaza tena. Kinachopotea pale mara nyingi ni oili, sio hewa, na mguu uliojaa hewa bila oili unasimama vizuri ukiwa umepaki lakini ukitua hauna kitu cha kupunguza mshindo, unagonga chuma kwa chuma na huo mgongano unaenda moja kwa moja faya-woli. Jaribio lake: bonyeza pua chini uachie. Ikirudi polepole oili ipo. Ikiruka kama springi oili imekwisha. Ikikwama chini alafu inapanda kwa kushtuka, pistoni ni chafu au imejikuna.

Utaratibu ni kutoa upepo wote, kujaza oili mguu ukiwa umekunjwa, alafu kuweka hewa kavu au naitrojeni PSI 45 mguu ukiwa umenyooka bila uzito wa ndege juu yake. Watu wanaweka 45 tairi ikiwa chini, namba ile ile maana tofauti kabisa.

Na ukizidisha? Pua inakaa juu, mguu umenyooka mpaka mwisho, kile kizuizi cha katikati kinajifunga ukiwa bado ardhini. Dalili yake ni pedali nzito wakati wa taksi, ndege haitaki kukata kona mpaka ukanyage breki ya upande mmoja, alafu inakata ghafla. Wengine wanafungua fimbo za usukani kutafuta tatizo wakati jawabu liko kwenye valvu ya mguu.

Kwa wanaofundishia kwenye viwanja vya murram, pistoni ya kromu ifutwe kila jioni na kitambaa kilicholowa kidogo ile oili ya 5606, sio petroli. Vumbi likishikana na oili linakuwa msasa, kila mguu ukipanda linachora kromu, na mchoro unaoshika ukucha utakata kila sili mpya utakayoweka.

Upande wa rubani

Walimu wenzangu wa marubani, nisameheni, lakini mguu huu haujatengenezwa kubeba kutua. Umetengenezwa kuongoza ndege ikiwa imeshatua. Mwanafunzi akigusa na tairi tatu kwa pamoja na spidi ya ziada alafu akaachia usukani uende mbele, hata mguu mpya kabisa utacheza. Vuta usukani nyuma, acha pua ishuke yenyewe, endelea kuvuta hata ikishagusa, na breki ije baadaye na kwa upole. Shimi ikianza usikanyage breki kwa hofu, vuta zaidi, uzito ukitoka mbele inakufa. Na kwenye teklogi andika hivi: ranwei ipi, ilianza noti ngapi, iliisha noti ngapi, breki ilikuwa imekanyagwa au la, flepsi ngapi. Mstari mmoja kama huo unampeleka injinia mwenye leseni kwenye bolti sahihi, na yeye ndiye anayesaini kazi, sio mimi wala wewe.

Kitu kimoja hakisubiri. Kama shimi imeanza baada ya kutua kwa kishindo na pua, usitafute balansi wala bushi kwanza. Fungua kava ya injini, tazama sehemu ya chini ya faya-woli pale mguu unaposhikwa, upande wa injini na upande wa ndani chini ya pedali. Bati lenye mikunjo, ribiti zenye moshi mweusi kuzunguka kichwa, rangi iliyopasuka kwenye kona, yoyote kati ya hayo ndege inabaki chini. Alafu nenda mbele uangalie ncha za propela kwa karibu, pitisha kidole ukingoni. Ikiwa imegusa ardhi, hata mkwaruzo unaodhani unaweza kupigwa tupa ukaisha, injini inakaguliwa ndani kabla ya kuwashwa tena, Lycoming wenyewe, watengenezaji wa injini, wamelitolea maelekezo hilo na halina njia ya mkato.